Watoto Wanaoingia Kitabuni (2): Bastian na Bei ya Matakwa

Wiki iliyopita tulimwacha Elisi wa Lewis Carroll akizinduka kando ya dada yake, ndoto imekwisha, naye hakupungukiwa na kitu. Wasomaji wa Kiswahili wamekuwa naye tangu 1940, ilipochapishwa tafsiri ya kwanza ya safari yake. Leo tunahamia Ujerumani, mwaka 1979, kwa mtoto ambaye hakulala wala hakuota. Yeye aliiba kitabu, akakisoma, na kitabu kikamchukua.

Ni Bastian Balthasar Bux, katika riwaya ya Michael Ende iitwayo Die unendliche Geschichte, yaani Hadithi Isiyo na Mwisho. Bastian ni mvulana mnene, mwoga, anayeonewa na wenzake shuleni. Mama yake amefariki. Baba yake, fundi wa meno ya bandia, amezama katika huzuni, na nyumba nzima imekuwa kimya. Siku moja Bastian anawakimbia watesi wake, anajitosa katika duka la vitabu vya kale, anakwapua kitabu kimoja na kwenda kujificha darini shuleni kwake.

Kitabu hicho kinasimulia nchi ya Phantásien, ambayo inaliwa. Kinachoila ni Utupu. Si giza wala shimo. Ukiutazama unahisi kama macho yamepofuka, na kila mahali unapogusa Utupu huwa hapapo tena. Viumbe wa nchi hiyo, badala ya kuukimbia, huvutwa nao na kujirusha ndani. Kijana mwindaji Atréju, aliyetumwa kutafuta dawa, anafika katika mji wa mizuka uliobaki mtupu kwa sababu wakazi wake wote wamejitosa. Aliyesalia ni mbwamwitu mmoja, Gmork, amefungwa mnyororo, anakata roho. Gmork ndiye anayemweleza yanayowapata waliojitosa: hutokea upande wa pili, duniani kwetu, wakiwa uongo katika vichwa vya watu. Na kwa uongo, anasema, wanadamu huweza kufanywa waamini lolote na wamchukie yeyote.

Mwandishi hakuyaokota maneno hayo njiani. Ende alizaliwa Garmisch mwaka 1929. Baba yake, mchoraji Edgar Ende, alipigwa marufuku na Wanazi kuonyesha kazi zake mwaka 1936. Mtoto aliyekulia katika nyumba ile aliona taifa zima likilishwa uongo na kushiba. Kwa hiyo naamini mbwamwitu huyu ni mtisho wa kweli kuliko mazimwi mengi ya vitabu vya watoto.

Lakini tukio linalosisimua mwili kuliko yote halina meno wala makucha. Bastian amekwisha kulijua jina jipya analohitaji Malkia Mtoto, mtawala wa Phantásien, ili nchi hiyo ipone, ila anaona haya kulitamka. Malkia anapanda mlimani kwa mzee aishiye ndani ya yai kubwa, ambaye huandika kila kinachotokea, nacho hutokea kwa kuwa anakiandika. Anamwamuru asome hadithi tangu mwanzo. Mzee anaanza, na Bastian kule darini anasikia kikisomwa kisa cha mvulana anayeingia duka la vitabu vya kale akitoroka watesi. Anasikia jina lake. Hadithi inasonga hadi mlimani, mzee anaanza upya, inarudi dukani, inapanda tena mlimani. Haitakwisha kamwe mpaka msomaji aingie. Bastian anapiga kelele kulitamka lile jina, na yumo ndani.

Mchapishaji alilisaidia jambo hili kwa wino. Mambo ya dunia yetu yamechapwa kwa rangi nyekundu, ya Phantásien kwa kijani chenye ubuluu. Sura ziko 26, na herufi za kwanza za sura hizo zinafuatana kuanzia A hadi Z. Mtoto anayekishika kitabu hiki anaona kwa macho yake rangi moja ikiingilia nyingine, na bila shaka anajiuliza ni nani anayemsoma yeye.

Waandishi wengi wangeishia hapo. Ende amefika nusu tu. Bastian anapewa nishani iitwayo Auryn, yenye kumruhusu kufanya atakalo. Anataka uzuri, anaupata. Anataka nguvu, ushujaa, sifa, vyote anavipata. Na kila tamanio likitimia, kumbukumbu moja ya maisha yake inatoweka bila yeye kuhisi. Anasahau kwamba aliwahi kuwa mnene. Anasahau shule. Anageuka mtawala mwenye kiburi, anamjeruhi Atréju, rafiki aliyejaribu kumwokoa.

Kisha anafika mji wa Wafalme wa Kale. Humo wamo wanadamu waliokuja Phantásien kabla yake wakamaliza kumbukumbu zote. Hawazeeki, hawabadiliki, hawatamani kitu, kwa maana asiye na jana hawezi kuitaka kesho. Wanachezea dadu zenye herufi, wakizirusha na kuzipanga, na nyani mmoja anawaangalia. Bastian anaambiwa kwamba amebakiwa na matakwa machache sana. Baadaye, ndani ya machimbo ambamo ndoto zilizosahauliwa hulala zikiwa picha nyembamba, atachimba gizani hadi aipate picha ya mtu aliyenaswa katika barafu, akiwa na koti jeupe, ameshika plasta ya meno mkononi. Hamkumbuki, lakini anamtamani. Kumbukumbu ya mwisho kulipwa ni jina lake mwenyewe.

Wengi wanakijua kisa hiki kwa filamu ya Wolfgang Petersen ya mwaka 1984. Ende aliipinga hadharani na kwenda mahakamani, akashindwa. Mimi namuunga mkono. Filamu imechukua kama nusu ya kwanza, halafu ikamaliza kwa mtoto kupanda joka na kuwafukuza watesi wake mitaani. Furaha ya kuingia imebaki, deni limefutwa, na baba amesahauliwa. Katika kitabu Bastian anarudi kwa baba yake na kumsimulia yote, naye baba, kwa mara ya kwanza, analia.

Sisi tunayo Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, nchi inayoelea angani, ambayo wajumbe wake hutumwa nchi jirani na kufungwa wanaporudi. Shaaban alijua kwamba arudiye huleta habari na hulipia. Lakini msomaji wa Kusadikika hubaki nje akitazama. Nawaomba waandishi wetu wa watoto wamfungulie mlango mtoto wa Tanga au Mombasa aingie nchi ya namna hiyo, wasimwonee huruma kwa kumwondolea hofu, na wakumbuke kumrejesha kwao.

Juma lijalo tutasoma Tintenherz ya Cornelia Funke, ya mwaka 2003, ambamo mlango unafunguka upande wa pili: baba anasoma kwa sauti sebuleni, majambazi wanatoka kitabuni, na mama anaingia mahali pao.