Dadu, Kete na Fanani: Istilahi za Mchezo wa Uhusika

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji hushika nafasi ya mhusika mmoja, na mwenzao mmoja husimulia kisa na kuamua matokeo. Siku hizi michezo ya namna hii huchezwa pia kwa simu na kompyuta. Mfasiri atakayeishughulikia hana budi kuwa na istilahi zisizogongana.

Jina la "mchezo wa kuigiza" halifai, kwani limekwisha kuzoeleka kwa maana ya tamthilia, ambayo maneno yake hutungwa mapema. Tuchukue mfano wa Ufipa. Masimulizi ya huko yasema kwamba Ntatakwa, mtawala wa Milansi, alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni, mkewe akawaachia kiti cha enzi, na utawala wa nchi ukahama. Mwisho wa masimulizi hayo wajulikana. Lakini mwalimu wa Wampembe akiyageuza kuwa mchezo, mwanafunzi aliyeshika nafasi ya mke aweza kukataa kukitoa kiti, na dadu ikaamua kama wageni watashindwa. Twapendekeza basi "mchezo wa uhusika".

Anayesimulia tusimwite "mwamuzi", maana kuamua ni sehemu tu ya kazi yake. Fasihi simulizi yetu inalo neno "fanani": husimulia, huigiza sauti za wahusika, na huitikiwa na hadhira. Tofauti ni kwamba hapa hadhira ni wachezaji, nao hukibadili kisa.

Tuje kwenye vyombo vya kisasa. Programu ya dadu hutoa namba kwa nasibu, badala ya dadu halisi yenye pande 4, 6, 8, 10, 12 au 20. "Meza ya mtandaoni" huonyesha ramani moja kwa wachezaji wote, hata mmoja akiwa Wampembe kando ya Ziwa Tanganyika na mwingine Sumbawanga mjini. Alama inayosogezwa juu ya ramani hiyo ni "kete", kama ya bao. Inayorushwa ni "dadu". Anayeyachanganya maneno haya mawili humpoteza msomaji katika kanuni ya kwanza tu. Vitabu vya kanuni "hupakuliwa" kutoka mtandaoni. Hadithi ambazo mchezaji amezitunga "hupakiwa" ili wengine wazipate.

Jambo hili si la mbali. Mwezi Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast iliziweka kanuni za msingi za mchezo huo chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu mtu yeyote kuzifasiri mradi ataje chanzo chake. Ruhusa ya kufasiri ipo. Iwapo hatutakubaliana mapema juu ya maneno, kila mfasiri atabuni yake, na wachezaji wetu wataendelea kuhesabu dadu kwa Kiingereza.