UKURASA WA AFYA: Kukimbia wakati wa baridi – tuitunze miguu yetu

Kipupwe kikiingia mwezi Juni, huku kwetu nyanda za juu asubuhi zinakuwa za ukungu, manyunyu na njia zenye utelezi. Tangu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya mashindano ya dunia huko Tokyo, Septemba 2025, tunawaona vijana wengi zaidi wakikimbia kwenye njia zetu za udongo. Wazazi wanatuuliza: Je, mtoto aendelee na mazoezi wakati wa baridi, au apumzike mpaka Septemba?

Jibu letu ni kwamba aendelee, ila kwa utaratibu. Baridi yenyewe haivunji mguu. Kinacholeta wagonjwa hospitalini ni viatu vilivyochakaa, miguu inayoshinda na unyevu, na tabia ya kuacha kabisa kisha kurudi kwa kishindo.

1. Tusiache kabisa, tupunguze

Tuchukue mfano wa kijana aliyezoea kilomita 40 kwa wiki. Baridi inakuja, anaacha wiki sita. Akisikia mashindano yamekaribia, anaanza tena na kilomita zake 40 zilezile. Moyo na mapafu yake yanazoea upesi, naye anajiona ana nguvu. Lakini mifupa na kano huzoea polepole sana. Hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Njia iliyo salama ni kupunguza. Mwili uliokwisha kuzoea hupoteza kidogo tu ukipunguziwa theluthi moja ya kazi kwa wiki chache. Kijana wetu anaweza kukimbia kilomita 6 Jumatatu, 8 Jumanne, 6 Alhamisi na 8 Jumamosi. Jumla ni kilomita 28. Hali ya hewa ikitulia, aongeze kilomita 3 kila wiki, na baada ya wiki nne atakuwa amerudi kwenye 40 bila kuumia. Asifidie siku aliyoikosa kwa kukimbia umbali mrefu kupita kiasi siku moja.

2. Viatu vinavyofaa ni vipi?

Wengine husema: mbona wazee walikimbia peku? Ni kweli. Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki huko Roma mwaka 1960 akiwa peku. Mwaka 1964 huko Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa na viatu. Kwa hiyo kiatu si kinachomfanya mtu awe mkimbiaji. Kazi yake ni kuulinda mguu dhidi ya misumari, vigae, mawe, funza na baridi.

Kwa njia za tope na mawe zipo raba maalumu. Soli yake ina meno yanayoshika ardhi, yenye urefu wa milimita 4 hadi 6 hivi. Meno yakiwa yameachana, tope hudondoka lenyewe. Yakibanana, tope hujaa na soli inageuka kuwa laini kama sabuni. Raba hizo hazifai sana kwenye lami, maana meno yanakwisha haraka. Njumu za mpira wa miguu nazo tusizitumie kukimbilia mbali, kwa sababu vinundu vyake vichache hubana unyayo mahali pamojapamoja.

Wengi wetu tunanunua mitumba, na si vibaya. Lakini tuikague hivi:

– Kiweke kiatu mezani, ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kimekwisha.
– Kikunje. Kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati.
– Bonyeza soli ya ndani kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, haipunguzi tena mshindo.
– Vuta ukingo wa soli uone kama gundi bado inashika.
– Kijaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo, ukiwa umevaa soksi zako. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

Raba nzuri hudumu kilomita 500 hadi 800. Kwa anayekimbia kilomita 40 kwa wiki, hiyo ni miezi mitatu hadi mitano. Zipo pia raba zisizoingiza maji. Zinafaa kwenye umande, lakini maji yakiingia kwa juu hayatoki. Penye vijito na madimbwi, heri kiatu kinachoingiza maji na kuyatoa.

3. Kukausha viatu

Kiatu kibichi huchubua ngozi. Ukirudi, osha tope, toa soli ya ndani, jaza magazeti makuukuu, na uyabadilishe yakilowa. Kiache mahali penye upepo. Usikiweke karibu na moto, maana joto kali huachanisha gundi na kukausha soli mpaka ipasuke. Mwenye uwezo awe na jozi mbili za kupokezana.

Hapa tunaomba kila mzazi atusikilize. Usiku wa baridi wengine huingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha nguo na viatu na kupata joto, kisha hufunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii, na familia nzima yaweza kufa bila kuamka. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu ndani ya chumba chenye jiko ni dalili zake. Watoeni watu nje mara moja, mkawalete hospitali. Hakuna kiatu chenye thamani ya kuhatarisha uhai.

4. Ngozi ya miguu

Soksi za pamba hushika maji. Za sufu au za nailoni nyepesi ni afadhali. Mtu abadilishe soksi kila siku, na akausha vizuri katikati ya vidole. Ngozi ikiwa nyeupe, ikiwasha na kupasuka hapo katikati, ni fangasi. Dawa yake ya kupaka ni rahisi, ila ni lazima iendelee kupakwa hata baada ya muwasho kukoma, kama ulivyoelekezwa.

Lengelenge dogo liache, lifunike tu. Usilichune ngozi yake, kwani ngozi hiyo ndiyo bandeji ya asili. Likiwa kubwa, lenye usaha au wekundu unaopanda mguuni, nenda zahanati. Mwenye kisukari asijitibu kidonda chochote cha mguu nyumbani, hata kiwe kidogo namna gani.

Aliyechomwa na msumari au mwiba mchafu aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aje siku hiyohiyo aulizwe juu ya chanjo ya pepopunda. Akina mama wengi huchanjwa wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni.

5. Maumivu ya kusimama

Misuli kuuma baada ya mazoezi ni kawaida, nayo hupungua kwa siku mbili tatu. Maumivu ya mfupa ni mengine. Mfupa unapokimbiwa kila siku huchakaa kidogo, na ukipumzishwa hujijenga. Usipopewa nafasi, uchakavu huzidi ujenzi na mfupa hupata ufa mdogo, hasa kwenye muundi au juu ya unyayo.

Dalili zake ni hizi: unaweza kuligusa eneo linalouma kwa ncha ya kidole kimoja, maumivu huongezeka kadiri unavyokimbia, na baadaye huuma hata ukiwa umelala. Ukiona hivyo, simama. Usikande kwa nguvu, wala usimeze dawa za maumivu ili uendelee kukimbia. Picha ya eksirei ya wiki za kwanza huenda isionyeshe kitu, kwa hiyo usijidanganye kwamba umepona. Mara nyingi mapumziko ya wiki sita hadi nane hutosha. Asiyepumzika anaweza kuvunjika kabisa na kukaa miezi mingi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfupa nao ni hivyohivyo.

Kwa wasichana tunaongeza neno moja, na tunawaomba akina mama walizungumze na binti zao bila aibu. Binti anayekimbia sana na kula kidogo anaweza kukosa hedhi. Wengine hufurahia, wakidhani ni dalili ya mazoezi mazuri. Sivyo. Ni dalili kwamba mwili hauna chakula cha kutosha, na mifupa inapungua nguvu. Akikosa miezi mitatu, aletwe hospitali. Uji, maharage, dagaa, maziwa na mayai ni sehemu ya mazoezi kama raba zilivyo.

6. Asubuhi ya ukungu

Anza kwa kutembea dakika kumi. Vaa nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, na ukirudi vua zilizolowa mara moja. Hewa baridi huweza kuamsha pumu, kwa hiyo mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa kitambaa, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Vaa nguo yenye rangi inayong'aa, kimbia ukielekea magari na bodaboda, na ukungu ukiwa mzito subiri upungue.

Wapendwa wazazi, kijana akisema mguu unauma msimwite mvivu. Mwulizeni unauma wapi, tangu lini, na kama unauma hata usiku. Kisha geuzeni kiatu chake mkitazame soli. Maswali hayo matatu na kiatu hicho vitawaambia kama ni wa kupumzika siku mbili, au ni wa kuletwa kwetu.