Tezi Mbele, Omo Nyuma: Siku Nne Kisiwani Syros

Ugiriki, ambayo Biblia yetu inaiita Uyunani, ina eneo la kilometa za mraba 132,000 hivi na watu wapatao milioni 10. Wagiriki walianza vita vya kujikomboa kutoka kwa Waturuki mwaka 1821, wakaingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1981, na mwaka 2002 wakaziweka kando noti za drakma, wakashika yuro. Visiwa vyao ni maelfu, ingawa vinavyokaliwa na watu havifiki 300. Hayo niliyanakili daftarini nikiwa ndani ya ndege. Daftari sikulifungua tena, kwa sababu kesho yake nilifika bandari ya Piraeus.

Watanzania wa rika langu jina hilo tulilisikia kwa wazamiaji, vijana waliojificha kwenye meli Dar es Salaam wakaibukia huko. Mimi nilikwenda kwa tiketi. Mpwa wangu, baharia, alinipokea, tukasafiri karibu saa nne hadi Syros.

Kisiwa chenyewe ni mwamba mkavu wa kilometa za mraba 84 hivi. Mtu wa Ujiji aliyezoea miembe na michikichi atajiuliza mbuzi wanakula nini. Lakini mji wa Ermoupoli! Nyumba zimepanda vilima viwili kutoka majini hadi kileleni, kilima kimoja cha Wakatoliki, kingine cha Waorthodoksi, na mitaa imesakafiwa marumaru ambayo jua likizama hubadilika rangi kama tumbo la mgebuka. Bahari ni buluu kweli. Maji ya ziwa letu la Tanganyika pale Gombe hayaachwi nyuma, tena unaweza kuyateka na kuyanywa.

Wauza loukoumi, peremende laini yenye vumbi la sukari, walikuwa wakipanda melini na vikapu vyao kama mama zetu kwenye stesheni za reli ya kati. Kuna jumba la maonyesho la mwaka 1864. Nililipita.

Sasa nieleze meli. Jioni ya kwanza niliona meli ndefu kama mtaa, ghorofa juu ya ghorofa, ikiingia bandarini. Badala ya kuja kwa omo ikageuka palepale, ikatupa nanga, ikaja kinyumenyume, tezi ikielekea gatini. Mlango wa chuma ulianza kushuka kabla meli haijatulia. Askari wa bandari akapiga filimbi. Watu wakamiminika, na malori, pikipiki, bibi mwenye kuku kwenye boksi. Waliokuwa wakisubiri wakaingia, mlango ukapanda, meli ikaondoka. Niliangalia saa: dakika tisa. Nikadhani ni bahati. Ya pili ilitumia dakika saba.

Siku ya pili mpwa wangu alinipeleka ufukweni kuogelea, nikatoroka kurudi bandarini. "Mjomba," akaniuliza, "umekuja kuona kisiwa au gati?" Sikuwa na jibu la heshima.

Kwetu Kigoma tunapenda kusimulia habari za meli ya Liemba: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipandevipande ndani ya maboksi, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa mwaka uliofuata, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ni hadithi tamu. Tunachoruka ni kwamba kwenye vituo vingi meli hiyo ilisimama mbali na ufuko, mitumbwi ikaizingira gizani, na mama akampitisha mtoto wake juu ya magunia ya dagaa hadi mlango wa ubavuni. Ziwa lina urefu wa kilometa 673. Karema sasa ina bandari, na gati nyingine zimejengwa. Nashukuru. Ila gati bila ratiba ni mahali pa kuvulia samaki tu.

Na waliojenga Ermoupoli ni wakimbizi! Kisiwa cha Chios kilipoteketezwa mwaka 1822, na cha Psara mwaka 1824, walionusurika walikimbilia Syros bila kitu, wakauita mji wao kwa jina la Hermes, mungu wa biashara. Miongo michache baadaye ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Ugiriki, na karakana ya meli ya mwaka 1861 ingali inagonga vyuma. Sisi Kigoma wakimbizi tumewapokea mara nyingi kuliko Syros. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996. Tumewahesabu, tumewapangia mgawo wa unga; fundi ni nani kati yao, hatukuuliza.

Tiketi yangu ya kuondoka iliandikwa saa kumi na dakika tano jioni. Saa kumi kasoro tano, kwa mazoea ya nyumbani, niliagiza kahawa ya pili. Nilikimbia na kikombe mkononi. Mlango ulikuwa umeshaanza kupanda, baharia mmoja akanivuta kwa mkanda wa begi, akaniambia neno la Kigiriki ambalo mpwa wangu, kwa simu, alikataa kunitafsiria.