Vijana wa Majengo, kazi ya Google yataka subira

Hapa Majengo vijana huniuliza, "Kaka, hiyo kazi ya kupandisha tovuti kwenye Google inalipa?" Inalipa, lakini si kwa pupa.

Mwanzo wangu ulikuwa wa aibu. Nilimwahidi mama mmoja muuza leso kwamba duka lake litatokea la kwanza kwenye Google ndani ya wiki. Mwezi ukapita, nikamrudishia pesa zake. Google wenyewe huonya: jihadhari na anayekuhakikishia nafasi ya kwanza. Nafasi hiyo haiuzwi. Kinacholipiwa ni tangazo. Matunda huonekana baada ya miezi 4 hadi mwaka.

Kazi yenyewe ni kujua mteja anaandika neno gani. Sisi Mombasa twasema leso. Mteja wa Dar es Salaam huandika kanga. Ukurasa wako ukitaja leso pekee, ni rahisi yeye asiuone. Taja yote mawili, eleza bidhaa kwa ukweli, na weka picha nyepesi zinazofunguka haraka kwenye simu.

Wataka kuanza? Chukua duka la jirani, lisajili kwenye ramani ya Google: saa za kufungua, nambari ya simu, picha. Ni bure. Kisha jifunze Search Console, nayo bure. Hukuonyesha watu waliandika nini na wangapi walibofya. Weka rekodi kila mwezi. Hiyo ndiyo cheti chako kwa mteja wa pili.

Yule mama nilimrudia, safari hii na takwimu, bila ahadi. Mpaka leo ni mteja wangu.