Hakimu wa Sesame Street

Kipindi cha Sesame Street kilipoanza kurushwa Marekani tarehe 10 Novemba 1969, vikaragosi vya Jim Henson ndivyo vilivyoteka macho, na hadi leo ndivyo vinavyokumbukwa. Sifa hiyo ni ya haki, ila haitoshi kueleza kwa nini kipindi hiki kimedumu zaidi ya nusu karne ilhali vingine vyenye vikaragosi vimesahaulika. Henson mwenyewe alikuwa akionekana runingani tangu miaka ya 1950. Kilichokuwa kipya ni utaratibu wa kazi: watayarishaji walikubali kuhukumiwa na mtoto wa miaka mitatu au minne, na hukumu ikishatoka, wakaitii.

Wazo lilizaliwa mwaka 1966 nyumbani kwa Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa vipindi jijini New York. Mgeni wake Lloyd Morrisett, wa Carnegie Corporation, alisimulia jinsi binti yake mdogo alivyokuwa akiikodolea macho runinga kabla hata matangazo ya asubuhi hayajaanza. Je, chombo chenye mvuto kiasi hicho hakingeweza kuwaandaa watoto wa maskini kwa shule? Zikapatikana takriban dola milioni 8 kutoka serikalini na kwa wafadhili. Mkuu wa utafiti, Edward Palmer, alimweka mtoto mbele ya runinga, na kando yake projekta iliyobadilisha picha kila baada ya sekunde chache. Msaidizi akaandika ni lini macho yalihama. Julai 1969 vipindi vya majaribio vilionyeshwa kwa watoto wa Philadelphia. Walivifuata vikaragosi kwa furaha, lakini kila watu halisi wa mtaa wa kipindi walipotokea, macho yalizurura. Chanzo kilikuwa ushauri wa wanasaikolojia, waliotaka vikaragosi visichanganywe na watu halisi wakihofia kumkanganya mtoto. Ushauri huo ukawekwa kando, na mtaani wakaletwa Big Bird, ndege mrefu wa manjano, na Oscar, mnunaji aishiye ndani ya pipa la taka. Wahusika hao wawili mashuhuri walizaliwa na jaribio lililokwama.

Wapo waliosema hizo ni mbinu za wauza sabuni. Cooney hakuficha kwamba aliiga matangazo ya biashara: vipande vifupi, nyimbo, kurudiarudia. Mwaka 1971 BBC ilikikataa kipindi, na Monica Sims, aliyesimamia vipindi vya watoto huko, alilalamikia malengo yake ya kuamrisha. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wangepima macho peke yake. Walipima pia kilichoeleweka. Mwaka 1992 walirekodi kipindi ambamo wazazi wa Snuffleupagus, mmoja wa vikaragosi, wanatalikiana. Katika majaribio, watoto walitoka wakidhani kila ugomvi wa wazazi huishia kwenye talaka. Kipindi kilikuwa tayari, fedha zimetumika, na hakikurushwa. Mfanyabiashara gani wa matangazo angefanya hivyo? Kifo cha Mr. Hooper, muuza duka wa mtaani, kilirushwa mwaka 1983 kwa sababu majaribio yaliruhusu.

Pingamizi zito zaidi lililetwa na Thomas Cook na wenzake mwaka 1975: watoto wa wenye nacho walikitazama zaidi, basi pengo lingeweza kupanuka badala ya kuzibwa. Nusu ya hoja hii haikwepeki, kwani kipindi hakimfikii asiye na runinga, wala hakichukui nafasi ya mzazi anayeketi na mwanawe. Lakini wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine, walipolinganisha maeneo ya Marekani yaliyopata mawimbi mazuri na yale yaliyopata hafifu, waliona kwamba watoto wa kule mawimbi yalikofika vizuri walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusoma darasa linalolingana na umri wao, na faida ilikuwa kubwa katika maeneo yenye dhiki. Kilichobaki ni suala la kufikisha. Tanzania ilipopata toleo lake, Kilimani Sesame, halikuachiwa runinga peke yake. Lilisambazwa pia kwa redio na vitabu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliona kwamba watoto waliolifuatilia zaidi walifanya vizuri zaidi katika herufi, hesabu na maarifa ya malaria.