Dawa Zimekwisha Zahanati: Je, Zimeliwa?



Mama ametoka nyumbani alfajiri, mtoto mgongoni anachemka kwa homa. Zahanati anapimwa, malaria inaonekana. Kisha anaambiwa: "Mama, dawa mseto imekwisha, kanunue dukani." Huku kwetu Tarime na Serengeti, maneno ya njiani ni yale yale: dawa zimeliwa.

Pengine ni kweli, maana wizi upo. Dawa za serikali huwekwa alama ya GOT. Ukizikuta zinauzwa dukani, toa taarifa. Lakini mara nyingi mwizi hayupo. Kilichokosewa ni hesabu.

Wazee wanayakumbuka maboksi ya Mpango wa Dawa Muhimu wa miaka ya 1980. Zahanati ya milimani Tarime, penye baridi, na ile ya kando ya ziwa, penye mbu tele, zilifungua boksi la aina moja. Haikuwa ajabu dawa kwisha huku na kuozea rafuni kule. Baadaye utaratibu ulibadilika, zahanati zikawa zinaagiza zenyewe kutoka Bohari ya Dawa (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kwa miaka mingi mzigo wa Mara umetoka bohari ya kanda iliyoko Mwanza.

Kuagiza mwenyewe ni vizuri, ila kunataka leja. Tuseme zahanati hutumia dozi 300 za dawa fulani kila mwezi. Mwezi wa kwanza zimetoka zote 300. Miezi miwili iliyofuata rafu tupu. Mganga akigawanya 300 kwa miezi 3 anapata 100, naye anaagiza kwa kipimo hicho. Mzigo unafika, unakwisha kwa siku 10! Hakuna aliyeiba hata kidonge. Alipaswa kugawanya kwa ule mwezi 1 ambao dawa ilikuwepo. Kosa hili dogo hujirudia, na kila oda inazaa upungufu mwingine.

Yako na mengine: boksi jipya likiwekwa mbele, la zamani linaharibika nyuma; sindano ya oksitosini, inayozuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na friji ikizima inapoteza nguvu bila kubadilika sura.

Dawa inaweza pia kuwepo jirani tu. Mwaka 2009 hadi 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129 vilijaribu jambo jepesi: kila wiki mhudumu alihesabu dawa za malaria na kutuma idadi kwa ujumbe wa simu. Wilaya ikajua wapi zimejaa na wapi hakuna, ikazihamisha. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78; baada ya wiki 21 vilishuka hadi 26.

Kamati ya zahanati ina wajumbe kutoka kwa wananchi, huenda mmoja ni jirani yako. Badala ya kumuuliza nani amekula, muulize hivi: leja inaonyesha dawa mseto ya watoto ilikosekana siku ngapi, na oda iliyopita ilihesabiwa vipi? Mjumbe asiyejua aombe kuiona leja kabla ya oda inayofuata kupelekwa.