Redio Inayosikiliza

Redio ina mdomo lakini haina masikio. Ukisikia jambo usilolielewa, huwezi kunyosha mkono uulize. Mtangazaji hakuoni. Anaendelea tu kusema mpaka kipindi kinakwisha. Je, chombo kama hicho kinaweza kufundisha watu wazima?

Mwaka 1973, hapa Tanzania, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijifunza kwa wiki 12. Redio zilikuwa chache, kwa hiyo watu walikaa katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kitabu. Kipindi kikiisha, redio inazimwa. Hapo ndipo kazi inaanza. Anayejua kusoma anawasomea wenzake kitabu kwa sauti. Kisha wanaulizana: malaria ipo hapa kwetu? Mbu wanazaliana wapi? Mtaalamu aliye Dar es Salaam hawezi kulijua dimbwi lililo nyuma ya nyumba ya jirani yako. Wewe unalijua. Basi walizungumza, wakakubaliana, wakashika majembe. Madimbwi yalifukiwa, majani yakafyekwa, vyoo vikachimbwa.

Lakini kasoro moja ilibaki. Kikundi kikishindwa na swali, mtangazaji hakulijua siku ile.

Siku hizi tuna simu. Shirika la Farm Radio International, la nchi ya Kanada, linafanya kazi na vituo vya redio katika nchi kadhaa za Afrika, na Tanzania imo. Shirika hilo lilitengeneza mtambo unaoitwa Uliza. Unafanya kazi hivi. Mtangazaji anatoa swali na namba ya simu. Wewe unabipu, salio lako haliguswi. Mtambo unakupigia. Unasikia sauti ya mtu: kama jibu lako ni ndiyo, bonyeza 1, kama ni hapana, bonyeza 2. Unaweza pia kuacha maneno yako mwenyewe. Majibu yanakusanywa, na mtangazaji anayatumia katika kipindi kinachofuata.

Hebu tazameni jinsi waliotengeneza mtambo huo walivyomfikiria mtu wa kijijini. Hana salio? Atabipu. Hajui kusoma? Atasikia sauti. Simu yake ni kitochi? Kitochi kinatosha, maana kina vitufe vya namba.

Hata hivyo simu ina ugonjwa wake. Redio ya zamani ilikuwa ya kikundi. Simu ni ya mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni baba. Katika kikundi kimoja tulichokitembelea, swali la redio lilikuwa hili: je, mahindi yako yanaharibika ghalani? Mzee mmoja alitoa simu mfukoni haraka, akabipu, akapigiwa, akabonyeza 2. Hapana. Mkewe akamtazama.

"Baba watoto, wewe umeingia lini kwenye kihenge?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alieleza kwamba dumuzi wameingia tangu mwezi uliopita, na kila anapochota mahindi anakuta ungaunga chini. Akina mama wengine watatu wakasema na kwao ni vivyo hivyo. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinapoteza chakula, na jibu lililotumwa redioni lilikuwa kwamba hakuna tatizo!

Siku ile kikundi kiliweka utaratibu. Swali likitolewa, hakuna anayebipu kwanza. Wanajadili. Anayeifanya kazi hiyo nyumbani ndiye anayesema wa kwanza. Katibu anaandika. Kisha simu inawekwa juu ya kigoda, sauti inafunguliwa wote wasikie, na anayebonyeza anabonyeza mbele ya watu. Sisi maofisa hatukuwafundisha jambo hilo. Wamebuni wenyewe, nasi tunalipeleka kwa vikundi vingine.

Yule mama aliacha swali lake kwa sauti yake. Juma lililofuata likasikika hewani, na bwana shamba akajibu: dumuzi hupenda zaidi mahindi yaliyo katika magunzi. Anika yakauke vizuri, pukuchua, safisha kihenge, choma mabaki ya zamani, kisha changanya dawa ya kuhifadhia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Katibu aliandika yote. Kesho yake asubuhi walianza kupukuchua, na mzee wa simu alikuwepo.